Kabla ya kuchangisha fedha za kukarabati jengo la kale

Siku ya Krismasi ya mwaka 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliporomoka mbele ya Forodhani, Zanzibar. Mnara wa saa ulikwenda nayo, na watu wawili walipoteza maisha. Jumba hilo lilijengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883, likawa la kwanza Zanzibar kuwa na umeme na lifti. Mwaka 1896 mizinga ya Waingereza ilibomoa majumba ya jirani yake, lenyewe likabaki wima.

Wengi waliosikia habari ile walisema tatizo ni fedha. Lakini siku lilipoanguka, fedha zilikuwepo. Serikali ya Oman ilikuwa imekubali kugharamia ukarabati na mafundi walikuwa kazini. Sifa nayo ilikuwepo: jumba limo ndani ya Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mwaka 2014 shirika la World Monuments Fund lililiweka kwenye orodha yake ya majengo yanayohitaji kuangaliwa kwa haraka. Sehemu ya baraza zake ilikuwa imeshaanguka tangu mwaka 2012. Nyumba haifiki hali hiyo kwa msimu mmoja wa mvua. Inafikishwa na miaka mingi ambayo hakuna mtu mwenye jukumu, ufunguo na fedha kidogo za kupanda juu kuziba tundu.

Kwa hiyo mtaa, familia au jumuiya inapotaka kuokoa jengo la kale, swali la kwanza lisiwe "tumwombe nani?" Naamini maswali matatu hutangulia: nyumba ni ya nani, itatumiwa na nani baada ya ukarabati, na nani atalipa matengenezo ya mwaka wa tano, wa kumi, wa ishirini. Yakijibiwa, fedha kubwa huwa na njia ya kupitia. Yasipojibiwa, hata fedha zikija hupotea pamoja na nyumba.

Nyumba hufa kwa maji

Tuanze na jengo lenyewe, maana anayechangisha bila kujua kinacholiua hukusanya fedha za kazi isiyo yake.

Nyumba ya Mji Mkongwe, kama zile za Lamu na Mombasa, imejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba, upana wake hauzidi sana mita 3. Kuta ni nene na zinapumua: hunyonya unyevu wakati wa masika, huutoa jua likirudi. Gata likiziba, maji hushuka ndani ya ukuta, ncha za boriti zilizozama ukutani huanza kuoza, na siku moja sakafu ya ghorofa ya juu huilalia ya chini yake. Ndege naye hudondosha mbegu ya mtini kwenye ufa. Mti ukiota pale, mizizi yake hupasua ukuta kidogo kidogo.

Hapo ndipo mtu mwenye nia njema huleta saruji. Lipu ya saruji ni ngumu na haipitishi unyevu. Maji yaliyokuwa yakitoka kwa amani hubanwa ndani, hupanda, chumvi huchomoza, na baada ya miaka michache lipu hubanduka pamoja na vipande vya jiwe. Nyumba iliyokarabatiwa kwa saruji inaweza kuwa katika hali mbaya zaidi kuliko ile iliyoachwa.

Hili lina uzito mkubwa katika mipango ya fedha. Makadirio yaliyoandikwa na mkandarasi aliyezoea majengo ya tofali za saruji hayafai, hata yawe na mihuri mingapi. Chokaa inataka kulowekwa muda mrefu kabla ya kutumika, na ukuta uliolowa unataka kuachwa ukauke kabla ya kupigwa lipu. Mfadhili ana mwaka wake wa bajeti, naye hutaka fedha zitumike kabla haujafungwa. Kalenda ya chokaa na kalenda ya mfadhili zikigongana, mara nyingi chokaa ndiyo hushindwa na kazi hulipuliwa. Ratiba halisi ya ufundi iandikwe ndani ya ombi tangu mwanzo, na kamati iwe na ujasiri wa kukataa fedha zenye haraka isiyowezekana.

Mwenye nyumba ni nani?

Katika miaka ya 1990 uchunguzi wa Mji Mkongwe uliorodhesha majengo 1,709, na takriban asilimia 75 yalikuwa katika hali ya kuchakaa. Nyuma ya asilimia hiyo kuna historia ya umiliki.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali na kupangishwa kwa kodi ndogo. Familia nyingi zilizohamia zilipata paa kwa mara ya kwanza mjini, na hilo halifai kudharauliwa. Lakini kodi ile haikuweza kulipia hata ndoo za chokaa. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe, na mwaka 1994 ukapatikana mpango rasmi wa uhifadhi ulioandaliwa kwa msaada wa Aga Khan Trust for Culture. Ramani na kanuni zikawepo. Kodi haikubadilika kwa kasi ya mvua.

Nyumba nyingine ni za wakfu, na hapa pana jambo ambalo watu wa pwani tunalisahau kwa urahisi. Wakfu ulikuwa ndio mfuko wetu wa matengenezo. Mtu aliweka shamba la minazi au chumba cha duka, mapato yake yakalipia mafuta ya taa, mikeka na chokaa ya msikiti, au yakawasomesha watoto wa ukoo. Hakutoa fedha za mara moja. Alitoa kitu kinachozaa kila mwaka. Mfumo huo ulidhoofika pale kodi za nyumba za wakfu zilipobaki chini mno, huku mpangaji anayetoka akipokea kilemba, yaani fedha za kuachia nyumba, kutoka kwa anayeingia. Fedha zipo, zinapita mlangoni, lakini hazifiki kwenye paa.

Aina ya tatu ni nyumba ya mirathi. Babu alifariki, watoto wakarithi, nao wakafariki, na leo hisa zimegawanyika kwa watu walioko Muscat, Dubai, London, Toronto na Unguja kwenyewe. Hakuna anayekataa kukarabati, na hakuna anayeweza kuamua peke yake. Nimeona ukoo mmoja ukibishana miaka juu ya nani alipe, huku boriti zikianguka moja baada ya nyingine. Mfadhili makini hatatoa hata senti kabla ya kuona barua ya umiliki iliyotiwa saini na wote, au na wakili wao. Kazi ya kwanza ya kamati, kabla ya mchango wowote, ni hiyo: kuwatafuta warithi, kuandika orodha yao, kukubaliana mwakilishi mmoja mwenye mamlaka ya kusaini, na kuthibitisha hayo mbele ya kadhi au mahakama. Ni kazi ya kuchosha na haipigwi picha. Bila hiyo mengine yote ni maneno.

Fedha kubwa zinatoka wapi, na zinataka nini

Kuna dhana kwamba jengo likiwa kwenye orodha ya UNESCO, UNESCO hulilipia. Si hivyo. Orodha ni ahadi ambayo nchi imeuwekea ulimwengu kwamba italinda. Mfuko wa Urithi wa Dunia upo, lakini ni mdogo ukilinganisha na mahitaji, na maombi yake hupitia serikali. Mtaa hauwezi kuandika barua moja kwa moja na kupokea hundi. Faida ya orodha ni nyingine: inampa mfadhili mwingine sababu ya kuja, na inampa mwananchi hoja ya kumbana anayetaka kubomoa.

Kilwa Kisiwani inaonyesha vizuri jinsi vyanzo vinavyoungana. Magofu yake, pamoja na ya Songo Mnara, yaliorodheshwa mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini, bahari ikiwa inakula ufuko na kuta zikianguka. Yalitolewa kwenye orodha hiyo ya hatari mwaka 2014. Katika miaka hiyo kumi walishiriki serikali ya Tanzania, UNESCO, wafadhili wa nchi mbalimbali na World Monuments Fund, ambayo ilifanya kazi kwa msaada wa dola 700,000 kutoka mfuko wa mabalozi wa Marekani wa kuhifadhi utamaduni. Ninachokithamini zaidi ni kilichofanyika upande wa wanakijiji: waliajiriwa na kufunzwa uashi wa chokaa, na mikoko ikapandwa kuzuia mawimbi. Mikoko ni mradi ambao mwanakijiji anaufahamu kuliko mhandisi yeyote. Mtaalamu akiondoka, wanaobaki wanajua kuchanganya chokaa na wanajua kwa nini mti fulani usikatwe.

Mji Mkongwe una mfano wake, zahanati kongwe iliyo barabara ya Mizingani. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, aliweka jiwe la msingi mwaka 1887, akafariki 1891, na jengo likakamilika 1894. Baadaye ghorofa ya chini ikawa zahanati na za juu makazi. Liliachwa likachakaa, mpaka Aga Khan Trust for Culture ilipolichukua na kulikarabati katika miaka ya 1990. Kazi ile ilikuwa darasa pia: maseremala na waashi walirudishwa kwenye ufundi uliokuwa ukipotea, zile nakshi za mbao kwenye roshani zikiwa mtihani wao. Mtu akiniuliza fedha za mradi ule zilinunua nini, nitawataja mafundi kabla ya kulitaja jengo.

Zipo njia nyingine. Mkopo wa Benki ya Dunia kwa Zanzibar wa dola milioni 150, ulioidhinishwa mwaka 2021, una sehemu ya uhifadhi wa Mji Mkongwe. Mkopo hulipwa na wananchi, kwa hiyo wana haki kamili ya kuuliza nyumba zipi zimechaguliwa na kwa nini. Halafu kuna mwekezaji. Mambo Msiige, nyumba ya karne ya 19 kule Shangani, ni hoteli ya Park Hyatt tangu mwaka 2015. Nyumba ilipata paa zima na kuta kavu. Lakini jengo jipya lililounganishwa nayo lilizua mvutano mkubwa na Kamati ya Urithi wa Dunia kuhusu kimo chake, na mtoto wa Shangani hana sababu ya kuingia humo. Njia ya mwekezaji huokoa mawe. Kama itaokoa pia uhusiano wa watu na jengo hutegemea mkataba, na mkataba husainiwa kabla wananchi hawajaulizwa.

Ukiwatazama wafadhili hawa wote, wanafanana kwa jambo moja. Hupenda kulipia sehemu ya katikati: kazi yenyewe, ile yenye jukwaa la miti, picha za kabla na baada, na kibao cha shaba siku ya ufunguzi. Mwanzo, yaani hati, vipimo, michoro, turubai la kufunika paa na miti ya kuegemeza ukuta, hawaupendi kwa sababu haujulikani utafika wapi. Mwisho, yaani matengenezo ya kila mwaka, hawaupendi kwa sababu hauishi.

Mchango wa mtaa uende wapi

Kamati nyingi huanza na bango lenye tarakimu kubwa ya kutisha, kisha huwaomba watu wa mtaa wachangie kuelekea tarakimu hiyo. Muuza samaki akisoma milioni mia kadhaa, elfu tano yake inaonekana si kitu, naye huiweka mfukoni. Anafanya hesabu sahihi kabisa.

Mchango wa mtaa uelekezwe kwenye zile ncha mbili ambazo wafadhili hawazigusi. Mwanzoni fedha zinazohitajika si nyingi. Turubai, kamba na miti ya kuegemeza vinaweza kununuliwa kabla ya masika. Wanafunzi wa usanifu majengo wanaweza kuombwa wapime na kuchora, kwa usimamizi wa mwalimu wao. Picha za kila ufa, zenye tarehe, zinaweza kupigwa kwa simu ya kijana yeyote wa mtaa kila mwezi, na baada ya mwaka zinakuwa ushahidi ambao mhandisi angelipwa fedha nyingi kuukusanya. Ombi linalokwenda kwa mfadhili likiwa na hati safi, michoro, picha za miezi kumi na mbili na paa lililokwisha kufunikwa kwa fedha za wakazi linasomwa kwa jicho tofauti kabisa.

Tunajua kuchangisha. Kamati ya harusi hukusanya mamilioni ndani ya wiki chache kwa sababu kila mtu anamjua bwana harusi, tarehe imetajwa, kadi imeandikwa jina lako, mweka hazina anapiga simu, na wewe utakuwepo ukumbini. Michango ya majengo ya kale huwa haina hata kimoja kati ya hivyo. Basi ivunjwe vipande vinavyoonekana: gata la upande wa kaskazini kabla ya mwezi wa tatu, boriti za chumba cha juu, dirisha lile linalotazama uwanja. Kila kipande kiwe na bei, tarehe na jina la anayekisimamia. Hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi, na picha ya risiti itumwe kwenye kundi la WhatsApp ambamo warithi wa Muscat na London wanasoma pia. Akaunti iwe na watia saini watatu, mmoja wao awe mwanamke anayeaminika mtaani, kwa sababu katika mitaa mingi wanawake wana uzoefu mkubwa zaidi wa kuendesha upatu bila kupoteza shilingi.

Ncha ya mwisho ndiyo ngumu. Hapa naamini lile wazo la wakfu linastahili kurudi kwa sura yake ya asili, yaani sehemu ya jengo ifungwe kisheria kwa ajili ya matengenezo. Vyumba viwili vya duka upande wa barabara, kodi yake iingie kwenye akaunti ya paa na isiguswe kwa jambo lingine lolote. Kiasi hicho kwa mwaka kinaweza kuonekana kidogo, lakini kusafisha gata, kung'oa miche ya mtini na kupaka chokaa upya hakuhitaji mamilioni. Kunahitaji fedha zinazokuja kila mwaka bila kuombwa.

Jengo linalotumika hupata walinzi

Gereza la zamani la Lamu, yaani ngome iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, lilikuwa na wafungwa mpaka mwaka 1984. Lilipokabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na kukarabatiwa, likawa makumbusho na mahali pa maktaba na mikutano ya mji. Ngome Kongwe ya Unguja hujaza watu wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara na tamasha la filamu la ZIFF, na wauza vinyago hukaa humo mwaka mzima. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, lina waumini wa Jumapili, na lina wageni wanaolipa kiingilio kuona vyumba na maonyesho ya historia ya utumwa. Katika majengo yote haya, likivuja, kuna mtu atakayelowa na kupiga kelele.

Utumiaji nao una hatari zake. Msikiti wa mtaa ndio jengo lenye jamaa waaminifu kuliko yote, hukutana mara tano kwa siku, na mchango wake haukosekani. Pamoja na hayo, misikiti kadhaa ya kale ya pwani imebomolewa na kujengwa upya kwa zege na marumaru, kwa fedha zilizotolewa kwa ikhlasi kamili. Aliyetoa alitaka thawabu na alitaka waumini wapate nafasi. Hakuna aliyemwambia kwamba mihrabu iliyochongwa kwenye matumbawe karne mbili zilizopita inaweza kubaki na nafasi ikapatikana kwa njia nyingine. Upendo wa jamii unahitaji kukaa pamoja na fundi wa chokaa na ofisa wa uhifadhi meza moja kabla ya uamuzi, na mazungumzo hayo yaanze na heshima. Ofisa anayefika na barua ya zuio siku ya kubomoa ameshachelewa miaka mitatu.

Limebaki la wapangaji, nalo halizungumzwi vya kutosha. Wale waliohudhuria vikao, waliopiga picha za nyufa na kuchangia turubai, mara nyingi ni wapangaji wa kodi ndogo. Nyumba ikishapendeza, thamani hupanda, na anayekuja na dola huwa na mvuto kuliko mama anayekaanga vitumbua barazani. Kama kurudi kwao hakukuandikwa, wataondoka "kwa muda" kupisha mafundi na hawatarudi. Kwa hiyo kabla ya fundi wa kwanza kupandisha jukwaa, pawe na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba, mfadhili na sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa: nani anahama, anakaa wapi wakati wa kazi na kwa gharama ya nani, anarudi chumba gani, kwa kodi gani, na kwa miaka mingapi kodi hiyo haitapandishwa. Mfadhili akisema hilo si jukumu lake, mtaa una haki ya kusubiri mwingine.